Dari Juu ya Kitanda cha Mama

Mume wangu Thuo alikuwa fundi wa mabomba, na ukimuuliza mtu yeyote wa Litein wa miaka ile atakuambia hapakuwa na fundi mwenye mkono mtulivu kama wake. Hakuna atakayekuambia kwamba siku moja mwanamume huyo alisimama chini ya ngazi, mguu mmoja juu ya kipago cha kwanza, tangi la maji likigonga juu ya vichwa vya wagonjwa, na akashindwa kupanda. Mimi nilimwona. Nilitamani kumpiga kwa spana yake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mambo ya Emajensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, majira ya mvua ya mawe. Hospitali yenyewe sasa haipo. Ilikuwa nyumba ndefu ya mawe na bati, ya wamisionari, juu ya mashamba ya chai, na wodi ya wanawake ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Waliojifungua walilala na watoto wao ndani ya sweta moja. Maji ya moto yalichemshwa nyuma ya nyumba kwa debe, na yakifika kitandani yalikuwa yameshapoa. Ndiyo maana daktari akamwita Thuo aweke boila: jiko la chuma katika chumba cha kufulia, nyuma tu ya ukuta wa wodi, mabomba yapande kutoka kwenye jiko hilo mpaka kwenye tangi darini, halafu maji ya moto yashuke bafuni.

Kazi hiyo Thuo aliipenda. Alitambaa darini akikanyaga boriti tu, kwa sababu katikati ya boriti na boriti palikuwa na mbao nyembamba ambazo hata paka angezitoboa. Tangi alishaliweka na kulijaza maji ili aone kama linavuja. Kilichobaki ni bomba la kupumulia. Maji yakipata moto hutanuka, na ni lazima yapate pa kupumulia, la sivyo yatajitafutia njia yenyewe. Alikuwa amepungukiwa na kipande cha bomba hilo, akaenda kukitafuta Kericho, na kabla ya kuondoka akapigilia kizibo cha mti kwenye tundu la tangi ili uchafu usiingie. Mabomba ya bafuni nayo yalikuwa yamezibwa ncha, maana mifereji ya kufungulia maji haikuwa imewekwa bado. Na kwenye bomba la maji baridi kulikuwa na vali ya kuzuia maji ya moto yasirudi kwenye tangi jingine, la maji ya kunywa. Kwa hiyo tangi lile la darini lilikuwa limefungwa kila upande. Bila moto halikuwa na neno.

Thuo akiwa Kericho ndipo tulipomleta mama yangu, Bilhah, akiwa na homa ya mapafu. Alikuwa akikohoa mpaka uso unabadilika rangi. Rebeccah, msichana wa Kikipsigis aliyekuwa muuguzi wa wodi, alimwonea huruma akampa kitanda cha kona ya mwisho, kilichoegemea ukuta wa jiko, akasema boila ikianza kazi ukuta ule utakuwa na joto kuliko mahali popote. Akanionya kwamba mama asisimame, asikae kwenye upepo, asiguse sakafu ile ya saruji. Kifua chake hakikuwa na nguvu ya kupigwa na baridi mara nyingine. Nilimshukuru. Sikuinua macho kuangalia dari. Ningeinua, ningejua tangi liko juu ya kitanda hichohicho.

Sasa lazima niseme habari ya thoni. Kwetu Wagikuyu mwanamume na mama wa mkewe wanaoneana haya, na haya hiyo ndiyo thoni. Hawakutani njiani, mmoja hushika kichaka. Hawatazamani usoni. Wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikiana. Mama alikuwa ameokoka, mbuzi za tambiko alishaziacha, pombe ya wazee hakuitaka hata kwa harufu, lakini thoni hakuiacha, na wala hakuna mhubiri aliyemwambia aiache. Nao walipendana kwa njia yao hiyo ya ajabu. Mama akienda kwenye kikao cha akina mama kanisani, Thuo alipanda juu ya nyumba yake akamfungia mifereji ya mvua, akashuka na kutoweka kabla hajarudi. Mama akirudi alitazama paa, na kesho yake kikapu cha nduma kilifika kwangu bila maelezo. Kupanda juu ya nyumba mama akiwa ndani, hilo Thuo asingelifanya hata kwa mtutu wa bunduki. Kichwa cha mkwe hakipitwi juu. Hakuna mzee aliyewahi kutoa sheria ya dari, kwa kuwa nyumba zetu hazikuwa na dari, lakini Thuo hakuhitaji kufundishwa.

Basi asubuhi iliyofuata alirudi kutoka Kericho na bomba lake begani, akachungulia mlangoni mwa wodi, akaona shuka la nani limelala pale kona. Akarudi kinyumenyume. Nilimfuata nje nikamkuta anafunga vyombo vyake ndani ya gunia. Tuligombana kwa sauti ya chini. Nilimwambia akaseme kwa Rebeccah, mama ahamishwe. Akasema ahamishiwe wapi, mlango wa kupandia dari uko mwanzo wa wodi na tangi liko mwisho, kitanda chochote atakachowekwa atampita juu. Nikasema basi amwambie daktari kwamba kizibo bado kiko kwenye tundu. Akaniuliza kama nataka amweleze Mzungu habari za mama wa mkewe. Mwishowe alimwambia Rebeccah kwamba kazi imebaki kidogo, ataimalizia baadaye. Hakusema kidogo gani, wala kwa nini. Mficha uchi hazai, na mume wangu siku hiyo alificha mpaka kizibo.

Mchana mvua ya mawe ikaanza. Ilipiga bati mpaka watoto wote wakalia pamoja, na baridi ikapenya chini ya milango. Mama alitetemeka, nikamfunika na leso yangu na koti langu, na bado meno yake yaligongana. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimeegemeza kiganja ukutani, nikakiondoa, nikakirudisha. Ukuta ulikuwa na joto.

Nilifurahi kwanza. Nakiri nilifurahi, moyo ukasema afadhali. Halafu nikasikia juu ya kichwa changu mlio kama wa kokoto ndani ya debe.

Mke wa fundi hajifunzi ufundi, lakini anasikiliza mezani. Nilijua kizibo kiko wapi maana tuligombana juu yake asubuhi ileile. Nilikimbia mpaka chumba cha kufulia, na huko nikamkuta Kebaso, mtu wa Kisii aliyekuwa akitunza moto na kufua mashuka, mwili kama wa fahali na moyo kama wa mama mzazi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anatabasamu. Jiko lilikuwa limejaa kuni za mkaratusi mpaka mdomoni.

"Akina mama wanaumia na baridi," akaniambia. "Nimeona fundi amefunga vyombo yake, nikajua kazi imeisha."

Nilimwita Thuo kwa sauti ambayo nadhani walioko kwenye kiwanda cha chai kule chini waliisikia. Alikuja mbio kutoka alikojibanza, akatia sikio ukutani. Walitoa kuni zote kwa koleo wakazitupa nje kwenye barafu, zikafuka. Lakini matofali yaliyozunguka jiko yalikuwa yameshaiva, na yangeendelea kuchemsha maji yale kwa muda mrefu hata bila moto. Kebaso akachukua ndoo ya maji baridi amwagie jiko. Thuo akamshika mkono: chuma kile kikimwagiwa maji kingepasuka, na maji yote ya juu yangewashukia. Kebaso akasema basi yeye atapanda darini akatoe kizibo. Thuo akakataa hilo pia. Alisema kizibo kile sasa kinasukumwa kutoka ndani, asiyejua kukilegeza kitamrukia usoni na maji yakifuata, na kwamba hawezi kumtuma mtu mwingine akaungue kwa kazi yake.

Kwa hiyo ilibaki apande yeye. Akaenda mpaka kwenye ngazi, akaweka mguu juu ya kipago cha kwanza. Hapo ndipo alipokwama.

Nilimwambia apande. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa matusi. Darini mlio ulikuwa umebadilika, sasa ulikuwa unagonga kwa nguvu, unanyamaza, unagonga tena. Rebeccah alikuwa ametoka wodini akiuliza hii maji inapiga kelele ya nini. Thuo alishika ngazi kwa mikono miwili, macho yake yameganda ukutani. Hakuwa mwoga. Ningeweza kumsamehe kama angekuwa mwoga.

"Mtoe kwanza," akasema. "Waceke, nakusihi. Mtoe mama yako kwanza."

Nilimwambia akitolewa kwenye baridi ile atakufa.

"Na mimi siwezi kumkanyaga kichwa," akasema.

Niliingia wodini nikiwachukia wote wawili, na nyanya zao waliowafundisha. Rebeccah alikuwa ameanza kuwasogeza waliojifungua kuelekea mlangoni, na Kebaso alikuwa amembeba kitanda na vyote mwanamke mmoja aliyepasuliwa tumbo. Nilipiga magoti karibu na mama. Nilikuwa nimeshatunga uongo, lakini alinitazama tu, nikamwambia kila kitu: tangi, kizibo, moto, na yule aliyesimama chini ya ngazi.

Mama alisikiliza akihema. Kisha akaweka miguu yake sakafuni.

Nilimshika mabega. Nilimwambia alale, tutalivuta kitanda, nitamwambia Thuo kwamba yeye ametoa ruhusa.

"Atadhani umetunga," akasema. Alipumzika, akavuta pumzi nyingine. "Nikilala hapa hatapanda, Waceke. Namjua. Atasimama pale mpaka tangi litushukie sote."

Rebeccah aliponiona namwinua alipiga kelele nisimruhusu asimame. Mama hakumsikiliza. Alijifunika blanketi kuanzia kichwani, akanishika mkono, tukatembea urefu wa wodi ile kwa miguu yake mitupu. Nilihisi kila pumzi yake ikikwaruza. Ngazi ilikuwa karibu na mlango, na hapakuwa na njia nyingine. Thuo alipotuona aligeuka akaweka paji la uso wake kwenye ukuta. Mama naye akavuta blanketi mpaka machoni. Wakapishana hivyo, watu wawili waliokuwa karibu kufa, mmoja ananusa chokaa na mwingine haoni njia, na mimi katikati sikujua nicheke au nilie. Nililia.

Tulipovuka kizingiti tu nilisikia ngazi ikilia kwa uzito wake.

Nje kulikuwa na kibaraza chenye paa jembamba. Mawe ya barafu yalikuwa yakiruka mpaka miguuni petu. Nilimkalisha mama kwenye benchi, nikakaa karibu naye upande wa upepo, na Kebaso akaja akavua koti lake akatutupia. Ndani nilimsikia Thuo akitambaa, boriti moja, boriti nyingine, akielekea kona. Nilimsikia akigonga kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wenyewe. Nilitaka agonge kwa nguvu amalize. Nilitaka asigonge kabisa. Mama alikohoa, na damu kidogo ikaja kwenye leso.

Halafu kukawa na mlio wa mvuke ambao sijawahi kuusikia tena maishani, na juu yake sauti ya mume wangu.

Nilimwacha mama nikakimbia mlangoni. Mvuke ulikuwa umejaa kona yote. Maji ya moto yalikuwa yakishuka kupitia mbao za dari, moja kwa moja juu ya kitanda cha mama, juu ya mto ambao bado ulikuwa na shimo la kichwa chake. Yalimwagika mpaka godoro likavimba. Kisha yakapungua yakawa matone, na tangi likanyamaza.

Thuo alishuka mwenyewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, ngozi imelegea, na alikuwa akiubeba kwa mkono mwingine kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama mama ameingia ndani.

Watu walisema ni mkono wa Mungu uliomtoa Bilhah kitandani. Huenda. Mimi nilikuwa na hasira tu. Heshima iliyomwokoa na maji ya moto ndiyo iliyoacha kizibo pale, na ndiyo iliyomkalisha kwenye barafu. Rebeccah alipojua kisa chote alishika kiuno akanitazama kama mtoto mjinga. "Mngeniambia tu asubuhi," akasema. "Hata kwetu mkwe hapitwi hivyo. Ningempeleka kwa nyumba ya daktari." Tulikuwa tumeishi na Wakipsigis miaka yote hiyo, tunauziana mahindi, tunaimba kanisa moja, na hatukuwahi kufikiri kwamba nao wana haya kama yetu.

Kufikia kesho yake mama alikuwa amezidiwa. Walimweka kitanda cha katikati, na daktari akamsikiliza kifua. Alitaka avukizwe kwa mvuke na akandwe kwa maji ya moto, kila saa, bila kukoma, na debe la nyuma ya nyumba lisingetosha. Alitaka boila ifanye kazi. Fundi mwingine alikuwa Kericho, na barabara ilikuwa tope tupu baada ya mvua ile, haipitiki. Thuo akasema anaweza kufunga bomba kwa mkono wa kushoto kama Kebaso atamshikia upande wa pili. Alisema hivyo akiwa nje ya mlango wa wodi, bendeji mpaka kiwikoni, mgongo ameupa chumba. Sote tulijua kimebaki nini, kwa sababu safari hii mama asingeweza kusimama hata kama angetaka, na kumtoa tena nje kulikuwa ni kumzika.

Mama alikuwa amelala na uso umeelekea juu. Nilidhani hasikii. Kumbe alikuwa akikusanya pumzi.

"Waceke," akasema, na akaitoa sauti yote aliyokuwa nayo, ili ifike mlangoni. "Mwambie huyo mtu apande. Mwambie mimi nitafumba macho."

Sikuhitaji kumwambia. Mgongo ule mlangoni ulitikisika mara moja, kisha ukaondoka. Nikasikia ngazi.

Mama akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu kwanza, kama mtoto anayecheza, halafu uso wake ukalegea. Kule juu boriti zililia, moja baada ya nyingine, zikija kwetu. Thuo na Kebaso walipofika juu ya kitanda walisimama kidogo, nikajua aliyesimama kwanza ni Thuo, nikajua amesimama kwa nini. Kisha wakapita. Vumbi kidogo lilidondoka kwenye blanketi, nikalipangusa. Uso wa mama haukucheza.

Spana ikaanza kazi. Ilikuwa ikiteleza, ikianguka, Kebaso akinong'ona, ikianza tena. Nilitazama blanketi kifuani pake. Nililiona likipanda. Nikasubiri lishuke, likashuka. Nikasubiri lipande tena. Mikono yake ilikuwa imewekwa juu ya shuka jinsi wanavyowekwa watu ambao hawaitumii tena, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliwahi kuwaona wafu, baba yangu na mtoto wangu wa kwanza, na wote walikuwa na utulivu huo. Nilinyoosha kidole nikiweke chini ya pua yake, nikakirudisha, nikaogopa kujua. Juu yetu bomba liligongwa kwa nguvu likaingia mahali pake, na blanketi halikupanda.

Niliinama sikioni pake nikaita maitu, maitu, yaani mama kwa lugha yetu.

"Ameshuka?" mama akauliza.

"Bado," nikasema.

Akavuta pumzi, akaendelea kufumba macho.